Pole ya Marit

Ndani ya kreta, karibu na bwawa la viboko, saa saba mchana

Martina binti yangu,

Wageni wangu wanakula. Nimewaonya mara mbili wale chakula ndani ya gari, hawasikii, wamekaa kwenye nyasi na maboksi yao huku mwewe akizunguka juu yao akichagua paja la kuku la kuondoka nalo. Mimi nimebaki kwenye usukani. Nimegeuza karatasi ya orodha ya wanyama, naandika nyuma yake, kwa hiyo ukitaka kujua kama leo tumemwona faru, geuza upande wa pili. Tumemwona, mmoja, kwa mbali.

Mambo ya pasipoti, ya soksi na ya kula vizuri mama yako ameshayasema yote, na kesho atayarudia njia nzima tangu Karatu hadi uwanja wa ndege. Sitamwingilia. Mimi nina jambo moja tu, na siwezi kulisema kwa mdomo, maana umeona mwenyewe wiki hii: nikifungua mdomo natoa amri.

Naongelea ile amri ya Jumapili.

Tulikuwa uani, wewe na mama yako mkichambua maharage ya ngwara kwenye turubai, mimi nikijifanya nasaidia. Ukaniletea simu. "Baba, cheki hapa, cheki nilivyodondoka!" Nikatazama. Ni wewe kweli, na koti lako jekundu, unashuka kilima cheupe, mguu mmoja unakwenda Arusha na mwingine unakwenda Mbulu, halafu unabiringika mara mbili na theluji inakufunika mpaka kofia. Wenzako wanne wamesimama juu ya mbao zao za kutelezea wameegemea fimbo. Wanakuangalia. Mmoja anacheka. Hakuna aliyekupa mkono.

Nikakuuliza, "Hawa ndio rafiki zako?"

"Ndio, baba."

"Na hakuna hata mmoja wa kukuambia pole?"

Ukacheka. "Baba, hawana hilo neno."

Ndipo ukanieleza, macho yanang'aa, kwamba hao hao wamekualika Pasaka ijayo mwende mlimani siku nne, kwa ski, mkilala kwenye vibanda vya mbao, kibanda hadi kibanda. Nami nikasema, nakumbuka kila neno, "Nimekupeleka kusoma mambo ya udongo. Sikukupeleka kuvunjika miguu na watu wasiojua pole. Huendi. Na hizo mbao usizivae tena." Mama yako akaacha kuchambua. Wewe ukasema, "Sawa, baba," ukaingia ndani. Hiyo sawa yako imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leo alfajiri nikiwa navaa viatu mama yako akaniambia, bila hata kugeuka kutoka jikoni, "Mtoto anawaandikia wenzake leo jioni kwamba hatakwenda. Anasema baba amekataa, na baba alishafika huko, anajua."

Anajua! Nimeshuka kreta na hilo neno likinikwaruza kuliko mawe ya barabara. Martina, sijui. Mimi ndiye mtu wa mwisho Karatu nzima anayepaswa kuulizwa kuhusu ski, na sasa nitakuambia kwa nini, na ukimaliza kusoma unaweza kunicheka, nimeshajiandaa.

Unakumbuka kilima cha kwa bibi yako kule Kansay? Mvua zikinyesha, udongo mwekundu ukilainika, nilikuwa nawafunga wewe na kaka yako mbao za msonobari miguuni kwa kamba za katani. "Magoti hivi! Kunja magoti!" Bibi akipiga kelele mlangoni kwamba mwanawe Bura amerudi na wazimu wa Wazungu. Jioni mkiwa mnaoga matope nilikuwa nawasimulia nilivyoteleza Norwei nilipokuwa kijana, nilivyokuwa napita kama mshale, na Wanorwei wenyewe wakinipigia makofi. Ulikua na hadithi hiyo. Ulipopata nafasi ya kusoma kule nilikusikia ukimwambia shangazi yako kwenye simu, "Mimi nina damu ya ski." Nilijisikia fahari na aibu kwa pamoja, nikachagua fahari.

Baba yako hajawahi kuteleza hata hatua ishirini bila kuanguka. Hakuna aliyenipigia makofi. Nilivaa zile mbao siku moja tu maishani.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ushirika wetu ulikuwa unabadilishana vijana na wenzao wa kule, nami nikachaguliwa kukaa mwaka mmoja kwenye chuo kimoja cha wananchi, ndani ya bonde lenye misitu pande zote. Nilichaguliwa kwa sababu ya mbio. Unawajua wakimbiaji wa Mbulu wanavyojiona, na mimi nilikuwa najiona zaidi yao. Nilipofika, majani bado yako mitini, nikakimbia na vijana wa chuo na kuwaacha wote nyuma kama watu waliosimama kuongea. Wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Kisha ikaanguka theluji.

Wewe umeiona, huhitaji nikueleze, lakini acha niseme kwa sababu sijawahi kumwambia mtu nilivyoshtuka. Nililala dunia ikiwa ya kahawia, nikaamka imefutwa. Paa, uzio, baiskeli niliyoiacha nje, vyote vimepotea chini ya kitu ambacho hakikuwa na sauti hata kidogo. Nilitoka na kandambili. Nikasimama mpaka vidole vikafa ganzi, nikinong'ona "Mungu wangu, Mungu wangu," kama siku ile baba yangu aliponipandisha mara ya kwanza hadi ukingoni mwa hii kreta, ukungu ukafunguka na nikaona chini kulikuwa na nchi nyingine. Nimeshusha wageni humu tangu hujazaliwa na bado nikifika pale juu nanyamaza. Theluji ya asubuhi ile ilikuwa hivyo.

Na watu wale! Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nilidhani baridi ikija watajifungia. Wakatoka wote. Mwalimu wa hesabu alifundisha na viatu vya ski mguuni ili asipoteze muda kengele ikilia. Niliona mtoto mchanga amefungwa kwenye kisanduku cha kuteleza, amelala fofofo, mama yake anamvuta porini. Wazee wa umri wa babu yako wanapanda mlima na mkoba wa machungwa. Na usiku unaoingia saa tisa mchana haukuwazuia, maana kule msituni, Martina, ambako hakuna nyumba wala duka, walikuwa wamesimamisha taa kwenye nguzo, kilomita na kilomita, kwa ajili ya watu wa kuteleza tu. Sisi Kansay tulikuwa tunasomea koroboi, wao wanawashia miti taa! Nilitaka kukasirika nikashindwa, ilikuwa nzuri mno.

Kitu kingine. Jirani yangu wa korido alikuwa hajanisalimia tangu nifike, nikaapa hana malezi. Siku moja nimesimama kando ya njia ya ski nashangaa, akapita juu ya mbao zake, uso mwekundu, akanipungia fimbo: "Hei! Hei!" Mgeni aliyefuata naye, "Hei!" Barabarani walikuwa mabubu, juu ya theluji wakawa watu wa soko la Karatu. Sikuelewa.

Mpishi wa chuo alikuwa mama mmoja anaitwa Marit, umri umepita hamsini na tano, mfupi, mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Yeye ndiye aliyesema mkimbiaji hawezi kukaa dirishani mpaka Pasaka. Akanitafutia mbao za mwanawe. Asubuhi akatoka nje, akanusa hewa, akabonyeza theluji kwa kidole gumba, ndipo akachagua nta ya rangi gani apake chini ya mbao, kama bibi yako anavyofikicha udongo kabla ya kusema leo tunapanda. Nilimwangalia nikafikiri, huyu ningeweza kumwita mama.

Tukaenda. Njia yao, wewe unaijua, ina mifereji miwili iliyonyooka; mzee mmoja alikuwa anaamka gizani kuikandamiza kwa mashine ili watu waikute tayari. Marit mbele, mimi nyuma, na kifua changu cha Mbulu. Hatua kumi nzuri. Kukawa na mteremko mdogo, wala si kilima, kitu ambacho mbuzi wa Kansay asingekiona. Nikaenda chini kwa mgongo.

Nikalala pale. Na hapa unisikilize, maana ndipo lilipo kosa langu. Nilikuwa nangoja pole. Sikujua kwamba nangoja, lakini mwili wangu wote ulikuwa unangoja. Kwetu glasi ikikuponyoka unapewa pole. Ukipiga chafya unapewa pole. Ukirudi kutoka kazini hujaumia popote unapewa pole. Tangu nimezaliwa sikuwahi kugusa chini bila sauti ya mtu kunifikia kabla vumbi halijatua. Sasa nimelala kwenye theluji, na kimya. Akapita mzee, akanikwepa kwa ustadi, "Hei!" Akapita mtoto wa miaka minne, nakuambia minne, amevaa kofia ya masikio, akanitazama kama anayesoma tangazo, akaendelea. Marit amesimama hatua tano mbele, mikono juu ya fimbo, anaangalia vilele vya miti.

Mwishowe akasema neno moja la kwao, "Opp igjen," maana yake inuka tena. Basi.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena. Nikasema moyoni, hawa si watu, mimi ningekuwa mbwa wao wangenikimbilia. Nikazivua zile mbao, nikazibeba begani, nikarudi kwa miguu, tena katikati ya mifereji. Kila hatua nazama hadi gotini, kila hatua naacha shimo. Nilikuwa natembea juu ya shamba la mtu lililopandwa asubuhi hiyo hiyo na sikujua, au nilijua na sikujali. Waliokuja nyuma walilazimika kusimama, kutoka njiani na kupita pembeni. Hapo walinitazama.

Baada ya hapo nikaugua kifua. Ndivyo nilivyowaambia. Nilikohoa majira yote ya baridi kila mlango ulipofunguliwa, na wewe unajua baba yako akiamua kuigiza. Pasaka ilipokaribia Marit akaja chumbani kwangu. Familia yake ina kibanda juu mlimani, wanakwenda kila mwaka, jua linawaka juu ya theluji mpaka watu wanaungua nyuso, wanakula machungwa wakiwa wamekaa juu ya ngozi ya kondoo nje. Wameniwekea kitanda. Nikamwambia kwetu Ijumaa Kuu mtu hatoki nje. Nilimsingizia hata Mungu. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi ni vizuri, kila mtu na desturi yake." Nikabaki peke yangu chuo kizima siku nne, nikila mkate na kusikiliza theluji ikidondoka kutoka paani. Waliporudi walikuwa wameungua pua, wananukia moshi na maganda ya machungwa, wanacheka mambo ambayo sikuwepo. Nililia, Martina. Nilifungua bomba ili wasisikie, nikalia.

Mwezi wa sita nikaondoka. Marit alinisindikiza hadi kituo cha basi. Akanipa kifurushi, ndani glavu za sufu nyekundu alizozifuma mwenyewe. Kisha akaniambia kitu ambacho sijamweleza hata mama yako. Alisema siku ile njiani ilimsumbua. Alipanda basi hadi mji wa pili, kwa nesi mmoja mstaafu aliyewahi kufanya kazi upande wetu, akamwuliza, "Kijana wetu alianguka, akalala, alikuwa anangoja kitu. Alikuwa anangoja nini?" Nesi akamwambia kuna neno. Akamfundisha.

Marit akasimama sawasawa, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa, akasema, "Poole, Bura. Poole."

Hata mlevi aliyeangukia mtaroni pale Karatu mjini, ukimwambia pole, anakujibu. Mimi nikaangalia viatu vyangu, nikapanda basi.

Sikumwandikia kamwe. Zile glavu unazijua. Ni hizo hizo mama yako anazoepulia sufuria za makande, ile ya kulia imeungua kidole gumba. Uliwahi kuniuliza zilitoka wapi, nikasema mnadani.

Sasa nikuambie ya leo. Ile video ulinirushia siku uliyonionyesha, kabla sijakukemea. Tuliposimama hapa bwawani nimeifungua. Nimeiangalia mara ya kwanza nikitafuta yule anayecheka, nimchukie vizuri. Mara ya pili nikaona anakugongea fimbo zake kama mtu anayepiga ngoma. Mara ya tatu nikaacha kukuangalia wewe, nikawaangalia wao. Unachelewa kuinuka, binti yangu, mbao zimepishana, unahangaika. Upepo unarusha theluji nyusoni mwao, mmoja anatetemeka. Hakuna aliyeondoka. Wamesimama wote wanne mpaka umesimama, ukafuta macho, ukapiga ukelele, ndipo mkaenda pamoja.

Nikamkumbuka Marit. Nilikaa chini muda gani? Robo saa, labda zaidi, nimenuna. Mwanamke yule alisimama hatua tano mbele yangu robo saa nzima katika baridi ya kuvunja meno, akiangalia miti ili nisione aibu. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa masikio tu.

Na cha kuchekesha, kazi yangu ni kuangalia! Kila mwezi wa pili wa mwaka napeleka wageni Ndutu nyumbu wakizaa. Ndama anaanguka, anasimama, anaanguka, na mama amesimama pembeni hamnyanyui. Kila mwaka yupo mgeni anayelia, "Amsaidie!" Na kila mwaka mimi, mtaalamu, namwambia, "Tulia. Huyo mama unadhani anafanya nini?" Nimelisema hilo miaka yote hii na halikunigusa hata siku moja.

Kwa hiyo nimefuta amri yangu. Nenda mlimani na wenzako. Usiwaandikie ile barua ya kukataa, na kama umeshaituma, tuma nyingine, waambie baba alikosea na amekiri kwa maandishi. Nenda na machungwa. Uungue pua. Ukianguka utaanguka, na sitakudanganya kwamba sitaogopa. Siku hizo nne nitakuwa naangalia simu mpaka wageni waniulize kama kuna simba humo. Ukipata mtandao nitumie picha. Nataka kuona huko juu kunafananaje, mahali kitanda changu kilipokuwa kimewekwa.

Hadithi ya mshale nitamwambia kaka yako mwenyewe. Ya makofi pia.

Glavu nimezifua jana. Ukiona mama yako anaepua sufuria kwa khanga na ananung'unika, ni kwa sababu hiyo. Zimo kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Nimeangalia ramani kwenye simu: lile bonde ni safari ya masaa matatu kwa treni kutoka chuoni kwako, na chuo bado kipo. Marit atakuwa amepita themanini na tano. Watu wale wanaishi sana, pengine ni kwa sababu ya hizo mbao. Ukipata nafasi, mwulizie. Kama yupo usimweleze mengi, mvulie glavu aone ile iliyoungua gumba, ajue ilifanya kazi. Na kama hayupo, basi siku utakayoanguka kule mlimani, kabla hujainuka, jibu langu lisemee hapo hapo kwenye theluji.

Mwewe ameshachukua paja la kuku, wageni wanapiga kelele, lazima nishuke. Mimi ni baba yako, niliyetoboa njia ya watu.

Mwambie Marit kwamba Bura wa Kansay amechelewa kujibu, lakini anasema: nimeshapoa.